Jinja: Mgeni njoo, na mwenyeji je?

Ukiingia duka la vitambaa Nairobi au Kisumu ukaomba jinja, utapimiwa pamba tupu ya rangi moja, isiyo na maua wala mng'aro. Fundi akitaka kipande, hakihangaikii kwa mkasi. Anatia mkato mdogo ukingoni, anashika pande mbili na kuvuta, na kitambaa kinachanika kwa mlio mkavu kikifuata uzi wake, hakipindi hata kidogo. Shuka, bitana, gauni za ndani, vitambaa vya kudarizi vya kufunikia makochi ya sebuleni, vyote vimetoka humo. Wanaolitaja jina hilo kila siku hawana haja ya kukumbuka kwamba ni jina la mji, ule wa Uganda ambapo Nile inaliaga Ziwa Victoria. Kwangu mimi hakuna sifa kubwa kwa mji wa viwanda kuliko hiyo.

Jinja haikuanza na viwanda vikubwa. Ilikuwa bandari ya pamba. Mwaka 1912 ilijengwa reli fupi ya Busoga kutoka hapo hadi Namasagali, na marobota yaliyoletwa nayo yakapakiwa melini kuvuka ziwa hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka ya ghorofa katika barabara kuu, na mengi bado yamesimama, juu ya paa yamechorwa mwaka wa kujengwa. Mwaka 1928 British American Tobacco ikaweka kiwanda cha sigara. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda akiwa kijana mdogo kufanya kazi dukani, akafungua kiwanda cha sukari Kakira, mashariki kidogo ya mji. Madhvani hakubembelezwa na serikali kwa umeme wala ubia. Alikuja kutafuta riziki, akaona ardhi na maji, akabaki.

Mwito rasmi ulikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Gavana John Hall aliamini kwamba Uganda haiwezi kuishi kwa pamba na kahawa peke yake, na kwamba umeme wa bei nafuu ungevuta viwanda. Mhandisi Charles Westlake aliandika ripoti yake mwaka 1947, Bodi ya Umeme ikaundwa 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II akafungua bwawa la Owen Falls. Maporomoko ya Ripon, ambayo Winston Churchill aliyatazama mwaka 1907 akiwaza jinsi ya kuyafungia mitambo, yakazama chini ya maji. Mitambo kumi ilipokamilika, uwezo wake ulikuwa megawati 150. Mji uliwekewa chambo ambacho mji mwingine wowote katika eneo hili ungekitamani.

Samaki hawakuja mbio. Mwenye kiwanda haangalii umeme peke yake. Anauliza nani atanunua, mzigo utasafirishwaje, fundi atatoka wapi. Ndiyo maana serikali iliunda Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952, likiwa na mtaji wa pauni milioni 5, liingie ubia na wageni waliokuwa wakisitasita. Hapo mambo yakaanza kusogea. Calico Printers' Association ya Manchester ikaingia katika Nyanza Textile Industries, yaani Nytil, ng'ambo ya mto upande wa Njeru, na pamba ya Uganda ikaanza kusokotwa na kufumwa nyumbani. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikasafirishwa nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki ili iyeyushwe Jinja, kwa sababu tanuri linakula umeme na umeme ulikuwa Jinja. Mtaa wa Walukuba, humo Jinja, ukajaa nyumba za wafanyakazi. Hata hivyo umeme ulizidi watumiaji, na kwa mkataba wa mwaka 1955 sehemu yake ikauzwa Kenya kwa miaka 50.

Halafu ukaja Agosti 1972. Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Manubhai Madhvani, mtoto wa Muljibhai, alifungwa katika gereza la Makindye kabla ya kuondoka nchini. Katika mji ambao maduka, karakana na viwanda vyake vingi vilikuwa mikononi mwa watu hao, amri ile ilikuwa kama kuvunja nyumba na wenye nyumba wamo ndani. Mitambo ilibaki. Kilichoondoka ni maarifa ya kila siku: spea ipi inaagizwa wapi, mkulima gani alipwe mapema asije akang'oa miwa, nani anaaminika kwa mkopo. Sukari ya Kakira ikapungua mwaka hadi mwaka hadi karibu kukauka, na kabla miaka ya 1980 haijafika katikati, tanuri la shaba lilikuwa limepoa.

Nasema bila kuuma maneno kwamba hatua iliyoisaidia Jinja zaidi baada ya hapo ni kuwarudisha wenyeji wake, kuliko kumtafuta mgeni yeyote mpya. Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 serikali iliwarudishia Waasia majengo na mali zao, na wengine walirudi kuzifungua upya. Nytil iliuzwa kwa watu binafsi, na leo, kwa jina la Southern Range Nyanza, bado inasokota pamba palepale Njeru.

Tangu Julai 2020 Jinja ni jiji. Tangu Oktoba 2018 malori ya Mombasa hayapiti tena juu ya bwawa. Yanapita kwenye daraja jipya la nyaya. Wanaotafuta wawekezaji wana mengi ya kuonyesha, na utepe wa kiwanda kipya hukatwa mbele ya kamera. Ningependa nguvu hiyohiyo itumike kumpigia hodi aliyeajiri watu miaka 40 au 70, kumuuliza maji yanatoka, barabara ya kiwandani inapitika masika, umeme umekatika mara ngapi wiki hii.

Jioni, ukiwa njia ya Iganga, unaona moshi wa Kakira ukipanda juu ya mashamba ya miwa. Makapi ya miwa iliyokamuliwa huchomwa pale kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 50 hivi. Kiwanda kinachukua kinachohitaji, na kinachobaki kinauzwa kwenye gridi ya taifa, ileile inayolishwa na bwawa la mwaka 1954.