Watoto 26 wa Mwitongo: Mbegu, Yai na Lawama



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, anayefika Butiama huelekezwa kwanza Mwitongo, penye kaburi la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere na makazi ya kale ya ukoo wa baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Jina lenyewe la mahali humaanisha mahame, yaani palipokuwa na makazi ya watu zamani. Wageni huoneshwa mengi pale, na karibu kila mara huambiwa hesabu mbili zinazowafanya watabasamu: Chifu Burito alikuwa na wake 22, na watoto 26.

Tunaomba wiki hii tuzitazame hesabu hizo bila haraka, kwa maana zinasema jambo ambalo kicheko hulifunika. Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano, aliyeolewa mwaka 1907 akiwa na umri unaotajwa kuwa miaka 15, alizaa watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike, na wawili kati yao walifariki wakiwa wachanga. Kambarage alikuwa mtoto wake wa pili. Ukiwaondoa watoto wa Mugaya, waliobaki hawatoshi hata mtoto mmoja mmoja kwa wale wake wengine 21.

Hatusemi neno juu ya nyumba yoyote ya marehemu wale. Chifu alikuwa mtu mzima sana, mwenye miaka zaidi ya 60 Kambarage alipozaliwa, na wake wa machifu hawakuolewa wote ili wazae. Miaka ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa pia miaka ya malale yaliyoua watu wengi kuzunguka ziwa, kisha ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Lakini msomaji aliyekulia Mara anajua swali lililoulizwa katika boma lolote lenye wake wengi na watoto wachache. Liliulizwa kwa mwanamke. Hakuna aliyemwuliza mume.

Huku majina, kinyume chake, yaliulizwa kwa mbingu na nchi. Chifu aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi, na nyerere kwa Kizanaki ndio viwavi wenyewe. Mwanawe alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha kwa ushauri wa mwaguzi akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa, tarehe 13 Aprili 1922, mvua ilinyesha. Mzimu huyo, tuongeze, ni wa kike. Kumbe mtoto wa kiume aliyekuja kuwa Baba wa Taifa alibeba maishani mwake jina la kike, na hakuna aliyeona haya.

Fikra iliyomtwika mwanamke lawama haikuanzia Mara. Aristotle, miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mwanaume hutoa nguvu na umbo la mtoto, na mwanamke hutoa damu tu ya kufinyangia. Mume ni mpanzi, mke ni shamba. Tabibu Galen alimpinga, akisema kuwa mwanamke naye ana mbegu, ila wengi walibaki na Aristotle. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipokea elimu ya maumbile kama alivyoikuta, pamoja na ile hesabu ya kale kwamba mimba ya mvulana hupata roho ya kibinadamu siku ya 40, na ya msichana baadaye sana. Hesabu hiyo iliacha alama hata katika sheria za adhabu za Kanisa, zilizotofautisha mimba yenye roho na isiyo nayo, mpaka Papa Pio IX alipoiondoa tofauti hiyo mwaka 1869. Tunalitaja jambo hili waziwazi kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mtakatifu mkubwa hawezi kukosea katika mambo ya maumbile. Thoma hakuwa na hadubini.

Hadubini ilipopatikana, kwanza iliongeza upotofu. Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliziona mbegu za kiume zikiogelea mwaka 1677, na mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker akachora mtu mdogo aliyejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu moja, akidhania kuwa ndivyo ilivyo. Mpanzi akawa amepewa hata mtoto mzima, na shamba likabaki shamba. Yai la mama ndilo lililochelewa kuonekana, ingawa ni kubwa kuliko chembe nyingine za mwili na karibu lionekane kwa macho matupu. Karl Ernst von Baer alilipata mwaka 1827, ndani ya mbwa jike. Wapendwa, mwaka 1827! Kanisa lilikuwa limekwisha kuadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria kwa karne nyingi kabla binadamu hajaliona yai la mnyama yeyote anyonyeshaye.

Na hapa tupumzike kidogo kwa jambo lingine, kwa kuwa Kanisa, lisilojua yai, lilijua hesabu. Tangu tarehe 25 Machi hadi 25 Desemba ni siku 275. Tangu tarehe 8 Desemba, tunapoadhimisha Mama Maria kutungwa mimba katika tumbo la Mtakatifu Anna, hadi kuzaliwa kwake tarehe 8 Septemba, ni siku 274. Madaktari huhesabu siku 280 tangu hedhi ya mwisho, au takriban 266 tangu mimba kutungwa, na kalenda yetu imesimama katikati. Kitabu cha Hekima cha Sulemani kinataja miezi kumi badala ya tisa, na hakikukosea, maana miezi kumi ya siku 28 ni zile zile 280. Bibi zetu waliohesabu kwa mwezi wa angani waliikaribia hesabu hiyo hiyo.

Turudi kwenye lawama. Jibu la nani huamua mtoto awe wa kiume au wa kike lilipatikana mwaka 1905, nalo lilitolewa na mwanamke, Nettie Stevens wa Marekani, aliyechunguza mbegu za aina ya mdudu aishiye katika unga. Aliona kwamba dume hutoa mbegu za namna mbili, na kwamba namna ya mbegu ndiyo inayoamua jinsia. Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo: yai la mama hubeba kila mara kromosomu iitwayo X, na mbegu ya baba hubeba ama X ama Y. Ikifika yenye Y kwanza, atazaliwa mvulana. Mama hana Y ya kutoa. Mwanamke aliyefukuzwa kwa kuzaa wasichana watano alifukuzwa kwa jambo ambalo mwili wake haukuwa na njia ya kulitenda, na mume naye halichagui, ingawa linapitia kwake.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza hakuyajua hayo. Mkewe Catherine wa Aragon alishika mimba mara sita au zaidi, akabakiwa na binti mmoja tu, Maria. Mfalme akataka ndoa itanguliwe ili apate mrithi wa kiume kwa mke mwingine, Papa hakukubali, na mwaka 1534 Bunge la Uingereza likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la nchi ile. Sababu za mfarakano ule zilikuwa nyingi, za siasa na za mali pia. Hata hivyo si vibaya kukumbuka kwamba mojawapo ilikuwa kumdai mke kitu asichokuwa nacho.

Kwetu Mara dai hilo lilizaa desturi yake. Miongoni mwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, amekuwa akitoa ng'ombe na kumwoa msichana ili azae kwa jina la nyumba yake, yaani nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui, kwa kuwa ndoa kwa sheria hiyo ni ya mwanaume na mwanamke. Wengine huisifu kwamba ilimlinda mjane asinyang'anywe boma. Sisi hatuwalaumu bibi wale, waliotafuta njia katika ukuta usio na mlango. Tunaulaumu ukuta. Maana mara ngapi mwanamke mtu mzima alitoa ng'ombe zake kuziba pengo lililotoka kwa mumewe? Kiswahili chenyewe hakibagui: mgumba ni mtu asiyezaa, awe mume au mke. Na waganga wa hospitali wanatuambia kwamba takriban katika nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, shida iko upande wa mume, peke yake au pamoja na ya mke.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya yai. Mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku tangu kubalehe. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yakiwa tayari yamewekwa. Mtoto wa kike akiwa na miezi mitano tumboni ana mayai kama milioni sita au saba. Anapozaliwa yamepungua hadi milioni moja au mbili. Anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na katika maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu. Tulitafakari neno hilo Mwitongo. Yai ambalo mwaka 1921 lilikuja kuwa Kambarage lilikuwamo ndani ya Mugaya tangu yeye mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake, mwishoni mwa karne ya 19, kabla reli kutoka Mombasa haijaufikia ukingo wa ziwa kule Kisumu mwaka 1901. Bibi mzaa mama, ambaye wageni hawasimuliwi habari zake, alilibeba yai la Mwalimu chini ya moyo wake. Tarehe 26 Julai, tunapowakumbuka Watakatifu Yoakimu na Anna, huenda tukalifikiri hilo pia.

Baba naye asidhani kazi yake huishia kwenye mbegu. Wataalamu waliofanya majaribio kwa panya mwaka 1984 waligundua kwamba mimba yenye urithi wa mama peke yake hushindwa kujenga kondo la nyuma ipasavyo. Kondo, ambalo wengi hudhani ni sehemu ya mama, kwa sehemu kubwa hujengwa na chembe za mtoto, na urithi wa baba ndio unaolisukuma zaidi likue. Hivyo tangu majuma ya kwanza baba yumo katika kazi ya kumlisha mtoto, hata akiwa safarini Mwanza na hana habari. Tena katika majuma sita ya mwanzo mvulana na msichana hawatofautiani kwa umbo, ingawa moyo wao umeanza kupiga tangu karibu siku ya 22. Ndiyo sababu sisi wanaume tuna chuchu.

Lipo na hili la mwisho. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika damu ya akina mama waliozaa watoto wa kiume walikuta chembe zenye kromosomu Y, ambazo mwili wa mwanamke hauwezi kuzitengeneza. Mmoja wao alikuwa amejifungua miaka 27 iliyotangulia. Chembe za mtoto huvuka na kubaki kwa mama, na za mama huvuka kwa mtoto. Mama Mugaya alifariki mwaka uliofuata, 1997, na mwanawe akamfuata tarehe 14 Oktoba 1999.

Mwalimu mwenyewe alifunga ndoa na mke mmoja, Mama Maria, mwaka 1953, wakajaliwa watoto wanane, idadi ile ile ya mama yake. Lakini ndoa isiyo na watoto nayo ni ndoa kamili, na hapa Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, haina utata: kutozaa hakuzuii ndoa wala hakuibatilishi. Tumelazimika kuisoma kanuni hiyo kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo zaidi ya mara moja, pale binti alipokuwa akirudishwa kwao na ng'ombe za mahari zikidaiwa.

Siku hizi, katika semina za ndoa, tunamwomba mganga aeleze habari ya X na Y mbele ya wazazi na wajomba, si mbele ya wachumba peke yao. Katika mojawapo mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akanyosha mkono, akauliza: "Basi, Padre, wale ng'ombe tuliodai warudishwe miaka yote ile, sasa tuwapeleke kwa nani?" Hakuna aliyecheka, na wajomba wawili waliokaa nyuma walianza kuhesabu kwa vidole.