Usafiri wa ndege ndogo (Morogoro na Mafia)

Usafiri wa ndege ndogo nchini Tanzania ni safari za ratiba zinazoendeshwa kwa ndege za abiria wachache, mara nyingi Cessna 208 Caravan, kati ya miji mikubwa, visiwa na hifadhi za wanyama. Watu wengi huamini kwamba ndege hizi huenda kule kuliko mbali, lakini ramani haikubaliani nao. Kwa mstari ulionyooka, Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, iko yapata kilomita 130 kutoka Dar es Salaam. Mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, uko yapata kilomita 180. Mafia iliyo karibu zaidi huhudumiwa na ndege za ratiba, ilhali Morogoro ina kiwanja chake ambako safari za namna hiyo hazikuota mizizi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafuata barabara kuu iendayo Zambia, na tangu Juni 2024 treni ya umeme humfikisha abiria huko kwa takriban saa mbili. Nani atapanda ndege kwenda mahali kama hapo? Kwa hiyo ndege ndogo haifuati umbali. Hufuata kizuizi, na kati ya vizuizi vingi huchagua kile ambacho nyuma yake kuna mtu wa kulipa.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, na Morogoro inaithibitisha vizuri kuliko Mafia yenyewe. Vijiji vya miteremko ya mashariki ya Uluguru, kama vile vya Kolero na vya tarafa ya Matombo, hupata shida kubwa ya usafiri wakati wa masika. Barabara za udongo huteleza na kukatika, na mikungu ya ndizi hushuka kichwani mwa wakulima. Hakuna ndege inayowafikia. Lakini ndani ya mkoa huohuo ndege hutua Kikoboga, katika Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na hutua pia katika viwanja vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Caravan imeundwa kwa kazi hiyo: ina injini moja ya pangaboi, magurudumu yasiyokunjwa na uwezo wa kutumia njia fupi ya changarawe. Abiria wake ni mtalii anayetaka wanyama na bahari katika likizo moja, na kampuni kama Coastal Aviation na Auric Air zimezunguka kati ya mbuga na visiwa kwa sababu hiyo. Masika inapoingia, kambi nyingi za kusini hufungwa na wageni hupungua. Mkazi wa Mafia, ambaye safari zake hazina msimu, anategemea ratiba iliyopangwa kwa msimu wa mtu mwingine.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Air Tanzania, iliyoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ilikuwa na ndege aina ya Twin Otter kwa ajili ya viwanja vidogo, na shirika lilikuwa la umma. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, kampuni binafsi zikachukua njia zenye faida. Zilileta uhai, hilo lazima likubaliwe. Lakini swali la nani anamhudumia mwenyeji lilibaki bila mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba mwenyeji ana kivuko kutoka Nyamisati, na kwamba kuchangia nauli ya ndege kwa fedha za umma ni kuwanufaisha wenye nacho. Kwa mzigo na safari ya kawaida kivuko ndicho hasa kinachofaa, na ndege inayoruhusu takriban kilo 15 za mizigo kwa abiria haiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini mjamzito mwenye rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili hawezi kusubiri bahari itulie. Isitoshe, fedha za umma zimo tayari: njia ya kurukia ya Mafia ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Millennium Challenge Corporation (MCC) uliomalizika mwaka 2013. Ikiwa uwanja ni wa wote, kutenga viti vichache kwa wagonjwa na wakazi si anasa. Uskoti hufanya jambo linalofanana na hilo: safari za kisiwa cha Barra, ambako ndege hutua ufukweni maji yakipwa, huchangiwa na serikali, na wakazi wa visiwa vya mbali hupunguziwa nauli.

Hoja ya wapinzani kuhusu usalama ni nzito zaidi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda Uluguru, ambako kilele cha Kimhandu hufikia mita 2,630, na kufunika mashariki ya milima kwa wingu. Kwa rubani anayetegemea macho, wingu linaloficha mlima ni hatari ya kweli. Mnamo Novemba 2017 watu 11 walikufa Caravan ilipoanguka katika eneo la kreta ya Empakaai, kaskazini mwa nchi. Jibu ni ukaguzi mkali, taarifa bora za hali ya hewa na rubani asiyeshinikizwa kuondoka. Kuwahamishia abiria baharini hakuondoi hatari, kama kuzama kwa meli za MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 kulivyoonyesha kwa mamia ya maisha.

Je, basi Kolero nayo ipelekewe ndege? Hapana. Miteremko yake haina tambarare ya kutosha kwa njia ya kurukia, na kizuizi chake kinaondoleka: madaraja, mifereji na changarawe vitafungua barabara mwaka mzima, kwa gharama inayomnufaisha kila mkulima anayeshuka na ndizi. Mlango wa bahari kati ya Mafia na delta ya Rufiji hauna tiba ya namna hiyo.