Mipira Hamsini ya Aasif Karim

Wakenya wakianza kukumbuka Kombe la Dunia la kriketi la 2003, jina la kwanza kutajwa ni Collins Obuya. Siwalaumu. Kijana wa miaka 21 aliwaangusha Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 pale Nairobi, na watu ambao hawakuwahi kuushika mpira wa kriketi wakawa wanabishana kuhusu spini kwenye matatu. Lakini mimi niliirusha spini katika timu ya pili ya klabu moja ya Mombasa mpaka magoti yakagoma. Ukiniuliza siku kubwa ya warushaji wetu ni ipi, nitakwambia Durban, Machi 15 mwaka huo huo, na mwenye siku alikuwa na miaka 39.

Aasif Karim ni mzaliwa wa Mombasa, Desemba 1963. Tenisi nayo aliicheza vizuri hata akaiwakilisha Kenya katika Davis Cup. Kombe la Dunia la 1996 alikuwemo Pune, Kenya ilipowatoa West Indies wote kwa mikimbio 93 na kuwashinda, na sisi huku tukashindwa kulala. Mwaka 1999 akawa nahodha Kombe la Dunia kule Uingereza, tukapoteza mechi zote tano, naye akaaga. Aliporudishwa kikosini kwa ajili ya 2003, kijiweni kwetu walicheka. Vijana wameisha?

Anayecheka hivyo hajui kazi yenyewe. Mrushaji wa kasi huishi kwa mgongo na mapaja. Umri ukimfika, basi. Wa spini huishi kwa kidole. Unaukamata mpira mshono ukiwa umelala chini ya kidole cha shahada, na wakati wa kuuachia kidole hicho kinaukwangua mshono kwa nguvu. Mwanzo wa msimu ngozi huchubuka mpaka damu, kisha huota sugu, na sugu hiyo ndiyo cheti chako. Ukitumia mkono wa kushoto kama Karim, mpira unatua ukimwelekea mpigaji wa kulia halafu unamkimbia. Baada ya michache ya namna hiyo unamletea mmoja usiozunguka kabisa, ulionyooka na mkono. Yeye amejiandaa kuufuata nje. Wenyewe unamgonga mguuni mbele ya wiketi.

Karim hakuuzungusha sana mpira. Kipaji chake kilikuwa kuutua palepale, na palepale tena, mpaka mpigaji achoke kusubiri kosa.

Siku ile ya Durban, dhidi ya Australia, Kenya ilianza vibaya mno. Brett Lee alituondolea watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo, tukawa na mikimbio 3 na wiketi 3 zimekwenda. Steve Tikolo, nahodha, akapata 51, tukajikongoja hadi 174. Kwa Australia ya wakati ule hiyo ilikuwa staftahi. Adam Gilchrist alikuwa keshaipasua 67 kabla mambo hayajabadilika.

Ndipo Karim akapewa mpira. Ricky Ponting akanaswa mguu mbele ya wiketi. Darren Lehmann akafuata, kisha Brad Hogg bila mkimbio hata mmoja. Hao wawili wa mwisho ni wapigaji wa kushoto, ambao mpira wa mrushaji wa aina hii huwaingilia badala ya kuwakimbia; kwa kawaida humfurahia. Mabingwa wa dunia wakawa wamepoteza watano, na Andrew Symonds na Ian Harvey, wanaume wa kupiga mpira nje ya uwanja, wakalazimika kuwa wapole mbele ya Karim. Walishinda, ndiyo, tena mapema. Ila hesabu ya Karim ilisomeka hivi: mipira 50, ova 6 zisizo na mkimbio, mikimbio 7, wiketi 3. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa aliyeshindwa.

Siku tano baadaye, uwanja uleule, India ilitutoa kwenye nusu fainali, na Karim akaondoka moja kwa moja.

Kinachonikera ni kilichofuata. Obuya alipata mkataba Warwickshire, Uingereza, lakini spini yake haikurudi tena na makali yale. Akajigeuza mpigaji, na mwaka 2011 alifunga 98 bila kutolewa dhidi ya hao hao Australia. Nilimshangilia, huku nikijua tumempoteza mrushaji. Tikolo, aliyejua pia kurusha spini, alikwenda kuifundisha timu ya taifa ya Uganda, majirani wakafaidi. Kenya yenyewe ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014.

Mwana wa Karim, Irfan, naye aliichezea Kenya. Hudaka nyuma ya wiketi na kupiga. Spini kamwachia baba.