Kumfundisha Mbwa kwa Mlio na Zawadi

Kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au shamba kunaruhusiwa, na aya ya 4 ya Suratul Maida inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Kumfundisha kwa kidude cha kubonyeza chenye mlio mfupi hakuna ubaya. Akitii tu, kibonyeze, kisha mpe chakula papo hapo. Mlio humjulisha ni tendo lipi limemletea zawadi. Kumpiga ni dhulma, na humzidishia hofu tu.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, mate yake ni najisi nzito. Basi mtupie chakula chini, usimlishe mkononi. Akikulamba, kabla ya kuswali osha mahali hapo mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wallahu aalam.