Mtandao wa Serengeti: kasi ilibanwa wapi?

Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti. Ujumbe ulipanda takriban kilomita 36,000 angani ndipo ushuke; hadi jibu lirudi, karibu nusu sekunde imekwisha.

Wakati huo mkoani Mara, njia nyingine ilikuwa tayari inajaribiwa. Mradi wa TEHAMA kwa maendeleo vijijini, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na kwa msaada wa Uswidi, ulijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti. Badala ya kuchimba mitaro mipya, ulitumia nyuzi za kioo za shirika la umeme, TANESCO, zilizokuwa hazina kazi. Amos Nungu, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliuchunguza mtandao huo akisoma chuo cha KTH, Stockholm, pamoja na Profesa Björn Pehrson.

Mwenzao mwingine, Robert Olsson, alikuwa na historia yake katika mbio za kasi. Zamani, katika mfumo wa kompyuta wa Linux, kila pakiti (kifurushi cha data) iliyoingia iliikatiza prosesa, mfano wa karani anayeinuka kila akisikia hodi. Hodi zikizidi, karani hushinda mlangoni na faili hazisogei. Mwaka 2001, Olsson, Jamal Hadi Salim na Alexey Kuznetsov walieleza dawa iliyoitwa NAPI: pakiti ya kwanza ikifika, hodi zinazimwa, kisha prosesa inazichukua pakiti kwa mafungu yenye kikomo. Zinazozidi hudondoshwa kwenye kadi ya mtandao bila kuipotezea prosesa muda. Kompyuta ya kawaida ikaweza kufanya kazi ya ruta, kifaa cha kuelekeza pakiti, ya bei kubwa.

Huko Serengeti, hata hivyo, uzi wa kioo ulikuwa na nafasi tele. Kilichobana ni umeme. Ukikatika, ruta huzimika, na kasi yote huwa sifuri. Ndiyo maana mwaka 2011 Nungu, Olsson na Pehrson walichapisha kazi kuhusu umeme wa mitandao ya vijijini, wakitilia mkazo ruta zinazotumia umeme kidogo.

Funzo lao halijachakaa. Halmashauri za Mara kama Tarime na Serengeti, shule na hospitali zinazotaka intaneti ya kasi, zipime kwanza panapobana, ndipo zifungue pochi. Kununua kasi zaidi pasipobana ni kutupa fedha za umma.