Walimu wa Bweni Baada ya Kengele ya Mwisho

Mwalimu wa shule ya kutwa anapoacha kazi kwa uzee hupoteza kazi. Mwalimu wa bweni hupoteza kazi, nyumba, majirani na mpango wa siku yake, vyote kwa mkupuo mmoja. Nyumba aliyokaa miaka ishirini haikuwa yake; ilikuwa mali ya shule, na yule anayemrithi darasani humrithi na jikoni. Jirani aliyekuwa akipiga hodi kila jioni, leo kuazima taa, kesho kubishana juu ya mtihani, naye hurudi kwao, pengine safari ya siku mbili. Watu waliouguzana na kulea watoto wao katika ua mmoja hutambua ghafula kwamba kilichowakutanisha kilikuwa kengele. Kengele ikinyamaza, hubaki nini kati yao?

Swali hilo lina uzito katika historia ya Afrika ya Mashariki, maana shule nyingi zilizolea viongozi wake wa kwanza zilikuwa za bweni, na ndani ya ua wake watu wa rangi na makabila mbalimbali waliishi ujirani ambao nje ya ua ulikuwa adimu sana. Mfano mmoja ulio wazi ni Alliance High School, iliyofunguliwa huko Kikuyu, Kenya, mwaka wa 1926 kwa muungano wa misioni za Kiprotestanti. Na katika Alliance, mtu ambaye maisha yake yaonyesha jambo hili kuliko wengine ni Edward Carey Francis.

Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Alikuwa mwanahisabati hodari, akapata cheo katika Chuo cha Peterhouse, Cambridge, kazi ambayo wengi wangeishikilia mpaka kufa. Mwaka wa 1928 aliiacha, akaja Maseno, Nyanza, kuwa mkuu wa shule ya misioni. Huko alikaa miaka 12. Mwaka wa 1940 Grieve, mkuu wa kwanza wa Alliance, alipoondoka, Francis alishika mahali pake, akakaa miaka 22. Jumla ni miaka 34 ya kuamka kwa kengele na kulala kwa kengele. Hakuoa. Vitabu vyake vya hesabu vilijulikana na watoto ambao hawakumwona kamwe. Ukoo wake ulikuwa bweni, na marafiki zake walikuwa wale walioishi naye ndani ya ua.

Lakini urafiki huo ulikuwa wa namna gani? Hapo ndipo penye ugumu. Mkuu wa shule ya bweni ni jirani ya walimu wake, lakini pia ndiye awaandikiaye taarifa. Huketi nao mezani, na ndiye aamuaye nani apewe nyumba ipi. Katika Kenya ya siku zile kizuizi cha rangi kiliongezwa juu ya kizuizi cha cheo. Eliud Mathu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa awali wa Alliance, kisha akawa mwalimu wake. Alisoma Fort Hare, Afrika ya Kusini, na halafu Uingereza, hata akafika Balliol, Oxford. James Gichuru alifundisha Alliance tangu mwaka wa 1935 hadi 1940. Hawa walikuwa na kila sababu ya kuzeeka katika shule ile, na hawakuzeeka humo. Gichuru alikwenda kuwa mkuu wa shule ya Dagoretti. Mathu naye aliondoka, na mwaka wa 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Si haki kusema kwamba siasa tu iliwavuta. Mwaka wa 1948 Tume ya Holmes iliandika waziwazi kanuni iliyokuwa ikifuatwa kwa desturi: kwamba Mwafrika katika kazi ya serikali, ijapokuwa ana ujuzi ule ule, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilikaa mpaka ripoti ya Lidbury ya mwaka wa 1954. Na kwa kuwa malipo ya uzeeni hupimwa kwa mshahara, upungufu huo haukuishia kazini. Ulimfuata mtu mpaka barazani kwake, akiisha kuota mvi. Francis mwenyewe aliishi kwa posho ndogo ya misioni, na kwake ualimu ulikuwa wito. Kwa mtu asiye na mke wala mtoto, mshahara waweza kuwa jambo dogo. Bali mwenye watoto wa kusomesha na wazee wa kulisha hawezi kuuona hivyo, wala si kwamba wito wake ni mdogo. Walimu wengi wa bweni wamepoteana kwa kutoelewa jambo hili kuliko kwa matusi au fitina.

Halafu ikaja Hali ya Hatari ya mwaka wa 1952. Francis aliipinga Mau Mau bila kuficha. Lakini pia alipaza sauti dhidi ya ukatili wa majeshi ya serikali juu ya watu wasio na hatia, jambo ambalo walowezi hawakumshukuru nalo. Basi alikuwa mtu asiyeweza kuhesabiwa kwa urahisi katika upande wowote, na mtu wa namna hiyo huwa na wanaomheshimu wengi kuliko wanaomtembelea.

Mwaka wa 1962 alistaafu. Njia ya kawaida ilikuwa inajulikana: meli, kijiji cha Uingereza, bustani ndogo, na barua za Krismasi zinazopungua mwaka hata mwaka. Francis hakuifuata. Alikwenda Pumwani, mtaa wa Waafrika wa Nairobi, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya kutwa. Hakwenda kuwa mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu kama walimu wengine, mwenye vipindi vyake na rundo lake la madaftari, na uamuzi wa shule haukuwa mikononi mwake tena.

Wako waliolisifu tendo hilo kuwa ni unyenyekevu. Yawezekana. Lakini lina maana nyingine pia, na labda ndiyo kubwa zaidi. Kwa miaka 34 mtu huyu hakupata kuwa na mwalimu mwenziwe aliye sawa naye. Kila aliyeketi naye aliketi na mkuu. Pumwani, akiwa na umri wa miaka 65, ndipo alipoingia katika chumba cha walimu ambamo mtu angeweza kumpinga bila kufikiria taarifa ya mwisho wa mwaka. Wala wanafunzi wa Pumwani hawakuwa wake mchana na usiku: saa ya kutoka ilipofika walikwenda kwa mama zao.

Siku zile Gichuru alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya. Mathu alifanya kazi Ikulu kwa Kenyatta. Oginga Odinga, aliyesoma Maseno chini ya Francis na baadaye akafundisha huko huko, alikuwa Makamu wa Rais tangu Desemba 1964 hata Aprili 1966. Kutoka darasa la Pumwani mpaka ofisi za serikali ni masafa ambayo mtu mwenye afya huyatembea kwa miguu. Mzee aliyekuwa akiwapangia wengine kazi alikuwa sasa mwalimu wa kawaida katika nchi iliyotawalwa na wanafunzi wa shule zake, na yeye alikuwa amechagua kukaa papo.

Alifariki Julai 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani.

Marafiki walifanya kile ambacho marafiki walimu hufanya: waliandika. L. B. Greaves alitoa kitabu cha maisha yake mwaka wa 1969, na J. Stephen Smith historia ya Alliance mwaka wa 1973. Kwa walimu Waafrika waliobaki madarasani, badiliko kubwa lilikuwa limekwisha kuja kwa njia nyingine: mwaka wa 1967 Bunge la Kenya liliunda Tume ya Kuajiri Walimu, jambo lililodaiwa na chama chao tangu kilipoanzishwa mwaka wa 1957, ili mwalimu wa misioni na mwalimu wa halmashauri wawe na mwajiri mmoja.

Mwaka huo huo wa 1967 Odinga alichapisha habari za maisha yake, na ndani yake Francis wa Maseno alipewa nafasi yake. Mwalimu aliyekuwa mkuu wake alikwisha zikwa mwaka uliotangulia, hakukisoma.