Kiwanja Kabla ya Nyumba: Dar es Salaam na Ramani Zake

Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 129,000. Miaka 10 baadaye walikuwa wamefika 273,000, na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji huo umechorewa ramani kuu mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini wakazi wake wengi wanaishi mahali ambapo nyumba ilimtangulia mpimaji.

Misingi ya mpangilio wake iliwekwa na ukoloni. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini nyuma yake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati. Ramani ya 1949 ilizungumzia msongamano badala ya rangi, ila mipaka ikabaki karibu ile ile.

Ubaguzi huo hauna utetezi. Hata hivyo Kariakoo, sehemu ya Uswahilini, ilipata kitu kilichodumu: mitaa iliyonyooka na viwanja vilivyopimwa mapema. Ndani yake ilistawi nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Leo maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba hizo, na mitaa ni ile ile.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pale pale, kama Magomeni. Gharama zilikuwa kubwa, na nyumba nyingi mpya ziliziba tu pengo la zilizobomolewa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikabadili njia kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja, zikawekewa barabara na maji, mwananchi akajijengea. Manzese, iliyokwisha kujengwa, ikaboreshwa bila kufyekwa. Viwanja vingi vya Sinza viliishia mikononi mwa wenye kipato cha kati, lakini barabara zake hazikuhitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Njia hiyo haikuendelezwa. Waombaji wa viwanja walizidi viwanja vilivyopimwa, hivyo watu wakanunua mashamba pembezoni mwa mji kwa karatasi iliyoshuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulifungua maeneo kama Bunju, Tuangoma na Buyuni, na bei yake ikawashinda wengi wa kipato cha chini. Leseni za makazi ziliwapa waliokwisha kujenga utambulisho wa muda, ila leseni haipanui uchochoro uwapishe zimamoto.

Miji yetu inayokua sasa ijifunze hapa. Halmashauri isiyo na fedha za kujenga barabara inaweza walau kuitengea njia: ipime mapito, mikondo ya maji, eneo la shule na la soko, ifidie wenye mashamba mapema, kisha igawe viwanja vidogo ambavyo mama ntilie na fundi wanaweza kuvilipia. Lami itasubiri bajeti. Anayetafuta pa kujenga hatasubiri, na akishajenga, fidia ya kumhamisha ni kubwa kuliko gharama ya kumpimia kiwanja tangu awali.